NDEGE IMEPITA, SASA NI KAZI YA MIGUU

Ndugu mufanyakazi, pengine umekwisha kuiona kwa macho yako: ndege ndogo inayopita chini chini juu ya pori, inakwenda moja kwa moja mpaka inapotea, kisha inarudi na kupita tena pembeni ya njia yake ya kwanza, sawa mutu anayepanga matuta ya mihogo. Nyuma iko na mukia murefu kama sindano, ao inavuta kitu kwa kamba. Katika vijiji watu wanasema mengi. Wengine wanasema inapiga picha ya zahabu. Wengine wanasema serikali inahesabu mashamba juu ya kodi.

Tuseme wazi: hakuna mashine inayoweza kuona shaba chini ya udongo toka juu na kusema, iko hapa, tani kadhaa. Ndege inapima vitu vitatu ao vine tu, na mwishoni inatoa ramani yenye alama za rangi. Kisha ramani hiyo inapewa kundi la watu kumi ao kumi na tano wenye mapanga, kamba, mashine za kupima na chakula cha majuma mawili, nao wanaambiwa: muende pale, muangalie ni nini.

Mara nyingi ukurasa huu wa usalama unasema juu ya karieri, juu ya vyuma vya kuyeyusha, juu ya malori makubwa. Leo tunasema juu ya wale wanaotangulia wote. Wale hawana lupango wala taa, na ambulanse haiko karibu nao. Tena hatari zao nyingi hazionekani. Alama kwenye ramani ni ulizo, si jibu, na mutu anayekwenda kutafuta jibu anaweka mukono wake pahali pasipojulikana.

NDEGE INAONA NINI?

Zamani wazee wetu hawakuhitaji ndege. Katika Katanga vilima vya shaba vinajionyesha vyenyewe: miti haioti juu yao, kunabaki majani mafupi na maua yanayovumilia sumu ya shaba. Wafuaji wa zamani walijua vilima hivyo wote, na walitengeneza misalaba ya shaba ambayo ilitumiwa kama feza. Wakati Jules Cornet, mujuzi wa mawe kutoka Ubelgiji, alipopita huku katika mwaka 1892, alionyeshwa pahali pengi ambapo watu walikuwa wamekwisha kuchimba kwa miaka mingi.

Lakini vilima vya wazi vimekwisha kuhesabiwa. Kinachobaki ni kile kilichofichwa. Kamoa, upande wa magharibi wa Kolwezi, ni mufano muzuri: shaba nyingi sana ilikuwa imelala pale chini ya muchanga, bila kilima kitupu, bila maua, na ilijulikana katika mwaka 2008 tu. Watu walikuwa wanapita juu yake na kinga kila siku. Ndiyo sababu tunatuma ndege, na ndiyo sababu kazi ya chini haitakwisha upesi.

Kitu cha kwanza ambacho ndege inapima ni nguvu ya sumaku. Dunia nzima ni kama sumaku moja kubwa. Huku kwetu nguvu yake inakuwa karibu 30,000 katika kipimo kinachoitwa nanotesla. Wazee wa kazi walikuwa wanasema gama, ni kitu kimoja. Mashine inaweza kusikia tofauti ya 1 tu katika hizo 30,000. Mawe yenye chuma ndani, kama doleriti, ao matundu ya kimberiti ya mulima wa Kundelungu, yanapandisha ao kushusha hesabu hiyo. Shaba yenyewe haivutwi na sumaku. Lakini kwa kufuata mawe mengine tunaona pahali matabaka yamejikunja na kuvunjika, na pale ndipo shaba inapenda kukaa.

Cha pili ni mionzi ya mawe, ile isiyoonekana. Cha tatu ni namna udongo unavyopitisha umeme. Tutarudi juu ya hivyo viwili, kwa maana ndani yao kuko hatari kubwa.

Ujue pia kwamba ndege haikai pahali pamoja. Inakimbia karibu metre 60 ao 70 katika segonde moja, na zaidi. Ukihesabu “mumoja, mubili, mutatu”, imekwisha kupita kijiji. Wakati kulikuwa hakuna satelite za kuonyesha njia, watu walikuwa wanafuata filme iliyopigwa kutoka tumbo la ndege na kulinganisha miti na mito; wakikosea kidogo, alama ilihama metre mia. Leo GPS imepunguza makosa hayo. Lakini hata ramani ya leo haitaji jiwe. Inasema: katika eneo hili kuko kitu.

Kuko pia jambo moja ambalo limevunja moyo wa wachimbaji wengi. Huku kusini ya ikweta, kilele cha nguvu ya sumaku hakikai sawasawa juu ya kitu chenyewe. Kinaegemea upande wa kaskazini, na upande wa kusini kunakuwa shimo, maana yake hesabu ndogo. Mutu asiyejua anachimba kwenye kilele, anashuka metre kumi, hapati kitu. Nguvu imekwisha bure, na kila metre ya shimo isiyokuwa na lazima ni hatari isiyokuwa na lazima. Mungojee mujuzi afanye hesabu mbele ya kushika jembe.

VIATU VYA YULE ANAYEBEBA MASHINE

Siku moja kundi fulani lilipata hesabu za ajabu. Kila pahali walipofika, kila metre 25, sumaku ilikuwa juu. Siku mbili nzima. Shefu wa kundi alifurahi, akafikiri wamepata mulima wa chuma. Siku ya tatu musaidizi mumoja aliuliza kwa sauti ndogo: “Bwana shefu, alama hii haifuati viatu vyako?” Ilikuwa kweli. Viatu vilikuwa vya usalama, vipya, vyenye chuma mbele ya vidole.

Tulicheka sana. Lakini kesho yake kilitokea kitu kisichochekesha: mutu aliyebeba mashine aliingia porini na kandambili za plastiki, ili mashine isisumbuke. Hivyo ndivyo watu wanavyoumwa na nyoka. Basi usikilize vizuri: kazi ya sumaku inaomba viatu visivyokuwa na chuma. Haiombi mutu asiyekuwa na viatu. Kuko bote za mupira murefu zisizokuwa na chuma; kuko leo viatu vya usalama ambavyo sehemu ya vidole ni ya plastiki ngumu. Uviombe kwenye magazini mbele ya kutoka. Wakijibu kwamba havipo, safari ingojee.

Toa pia mukaba wenye chuma, funguo, kisu, telefone. Mwenye mupanga atangulie mbali, tena wakati wa kusoma hesabu asimame pale pale mbali. Hilo linasaidia mara mbili: mashine haidanganyike, na mupanga unaoteleza haufiki kwenye muguu wa mwenzako. Katika kukata njia porini, vidonda vingi vinatoka kwa mupanga wa mutu wa nyuma ao wa mbele, si kwa munyama. Muache kati yenu nafasi ya hatua tano kwa uchache.

Mabati ya nyumba, njia ya reli, lupango ya waya, vyote vinadanganya mashine. Mudanganyifu mukubwa kupita wote ni laini ya umeme ya Inga, ile iliyofika Kolwezi katika mwaka 1982 baada ya safari ya kilometre karibu 1,700. Umeme wake ni wa volti 500,000, na unakwenda upande mumoja tu bila kubadilika, ndiyo maana unafanya sumaku yake mwenyewe. Ukiona kwenye ramani mustari munyofu kabisa unaokata kilima na bonde bila kujali, usifurahi: mawe hayajipangi hivyo. Na ukifika chini ya laini, usisimamishe pale munara wa kupimia, fimbo ndefu, wala antena. Umeme wa namna ile hauombi uuguse; unaruka.

MAWE YANAYOSEMA BILA SAUTI

Sasa mionzi. Udongo wote una mionzi kidogo: potasi katika graniti, toriumu, uraniumu. Ndege inabeba sanduku zenye kristali kubwa ambazo zinahesabu mionzi hiyo. Lakini hapa jicho la ndege ni fupi sana. Karibu mionzi yote inayofika kwake inatoka katika sentimetre 30 ao 40 za juu tu. Nusu metre ya udongo safi inaweza kufunika uraniumu yote, na ndege ikapita kimya. Na kinyume chake, kikombe cha udongo mubaya juu ya kilima kinaweza kupiga kelele kubwa bila kuwa na kitu chini.

Kwa hiyo mutu anatumwa na mashine ndogo ya mukono, anatembea juu ya mustari, anasikia tik, tik, tik. Usipime mara tu baada ya mvua. Mvua inashusha toka hewani vumbi la redoni, na hesabu inapanda bila sababu ya mawe. Ngojea karibu saa tatu, itashuka yenyewe.

Katika Katanga, shaba, kobalti na uraniumu vinajuana. Shinkolobwe ni jina ambalo dunia nzima imelijua: uraniumu ilipatikana pale katika mwaka 1915, na mawe yake yaliingia katika kazi ya mabomu ya kwanza ya Marekani ya mwaka 1945. Swambo pia ina uraniumu. Kwa hiyo unapotumwa kwenye alama ya mionzi, usifikiri ni mambo ya vitabu.

Je, ni hatari namna gani? Kutembea juu ya alama saa moja ao mbili si kufa. Mutu asikudanganye kwa woga. Sheria ambazo wajuzi wa dunia wamekubali zinasema mufanyakazi wa mionzi asipate kupita milisiverti 20 kwa mwaka, ukihesabu katikati ya miaka mitano, na asipite 50 katika mwaka wowote. Mutu wa kawaida, pamoja na muke wako na watoto wako, ni 1 tu. Ndiyo maana unapewa kile kipimo kidogo cha kuvaa kifuani. Kisikae katika hema kwenye musumari. Kinapima hema, hakipimi wewe.

Hatari kubwa si ile inayopita katika ngozi, ni ile inayoingia ndani. Vumbi. Uraniumu iliyomezwa ao kuvutwa na pumzi inabaki katika mwili, katika mapafu, mifupa na figo. Kwa hiyo: usivunje jiwe la alama kwa nyundo likiwa kavu, ulilowanishe kwanza. Usile, usivute tumbako, usitafune kitu juu ya alama. Nawa mikono mbele ya kushika ugali, na maji yale yasimwagwe pale kuku wanakunywa. Nguo za kazi zisifuliwe pamoja na nepi za mutoto.

Na lile jambo ambalo nimeliona kwa macho yangu: mutu anaokota jiwe la manjano ao la kijani, zuri kweli, analiweka chini ya kitanda apelekee mutoto zawadi. Ndugu, saa nane za kulala juu ya jiwe kila usiku ni nyingi kupita kazi ya muchana. Mawe ya kupimwa yaingie katika mufuko, mufuko uandikwe, na sanduku likae mbali na hema. Ukiwa mbali mara mbili, nguvu inayokufikia inabaki robo moja tu. Hatua hizo hazilipiwe feza.

WAYA CHINI, KIFO JUU YAKE

Nimefika sasa kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Kisha ndege kuonyesha pahali udongo unapitisha umeme vizuri, tunakwenda kuhakikisha kwa umeme wetu wenyewe. Tunapigilia vyuma viwili katika udongo, mbali kimoja na kingine, tunavifunga kwa waya, na mashine inasukuma umeme kati yao. Kisha inakata ghafula. Kama chini kuko madini ya namna fulani, udongo unabaki na umeme kidogo kwa muda mufupi, kama sifongo inayobaki na maji. Kifaa kingine kinapima hayo. Wajuzi wanaita polarizasio. Madini ya shaba yenye kiberiti yanajibu vizuri. Lakini mawe meusi yenye grafiti yanajibu vilevile, na yamekwisha kudanganya wengi.

Umeme wa nyumbani ni volti 220. Mashine yetu inasukuma mamia mengi ya volti, mara nyingine kupita 1,000, na amperi kadhaa. Kwa mwili wa mutu, sehemu 30 katika elfu moja ya amperi zinatosha kushika misuli asiweze kuachilia. Zikizidi kidogo, moyo unaanza kutetemeka badala ya kupiga. Na chuma chenyewe kinasimama porini kimya, hakina taa, hakina kelele. Ni kijiti tu. Mutu anayekigusa yuko mara nyingi mbali na mashine, nyuma ya kilima, haonekani na yule anayewasha.

Katika kundi moja nililofanya nalo kazi, kulikuwa na kijana wa kumwaga maji ya chumvi kuzunguka chuma, ili umeme uingie vizuri. Kila kituo, mwenye mashine aliuliza katika radio: “Uko tayari?” na kijana alijibu: “Nimetoka.” Siku hiyo, saa saba ya muchana, betri ya radio ya kijana ilikufa. Mwenye mashine aliuliza. Kimya. Aliuliza tena. Kimya. Jua lilikuwa kali, kulibaki vituo vinne, lori lilikuwa linangojea. Alisema moyoni: amesikia, amenyamaza tu. Akawasha.

Kijana alikuwa amepiga magoti, ndoo mukononi. Umeme ulimutupa nyuma. Mungu alimusaidia: hakukamatwa na chuma, aliangushwa tu, na bote zake zilikuwa kavu. Alipona, na alama ya kuungua mukononi anayo mpaka leo. Lakini ninamukumbuka yule mwenye mashine, mutu muzuri na mufundi wa kweli, alivyokaa chini ya muti jioni ile bila kula. Hakuwa amelewa. Hakuwa mujinga. Alikubali kimya kama jibu.

Tangu siku ile sheria yetu ilikuwa moja, na ninaomba iwe yenu: kimya ni HAPANA. Mashine haiwashwi mpaka kila mutu wa chuma, mumoja mumoja, aseme kwa jina lake mwenyewe kwamba ametoka hatua kumi. Radio ikifa, kazi inasimama. Mbele ya radio tulikuwa na bendera na filimbi, na hizo hazina betri. Muzichukue hata leo. Kila mutu wa chuma awe na ganti za mupira na bote kavu. Hatua kumi si bure: karibu na chuma udongo wenyewe una umeme, na mutu mwenye miguu iliyopanuka anaweza kupigwa bila kugusa kitu, zaidi kama udongo umelowana na hana viatu.

Tena waya unapita katika mashamba ya watu. Watoto wanaupenda waya. Wakubwa pia, tusifichane, kwa maana ni shaba. Mutu anayekata waya akifikiri umeachwa, anaweza kufa na kisu mukononi. Basi siku moja mbele, shefu wa kundi aende kwa chifu wa kijiji, asalimie sawa inavyofaa, aeleze kwa luga yao kitu tunachofanya, waya utapita wapi, mbuzi na watoto wakae wapi, na kaburi za wazee ziko wapi ili tusipigilie chuma juu yao. Siku ya kazi, muweke walinzi kila pahali waya unakata njia. Mulinzi asiwe mugeni. Awe kijana wa kijiji, alipwe. Mama akipita na kichwa chenye ndoo ya maji atamusikiliza huyo kupita bango lililoandikwa kifaransa.

Na radi. Kutoka mwezi wa kumi mpaka wa nne, kila siku baada ya saa sita unaangalia mbingu. Waya wa kilometre mbili uliolala chini ni mutego wa radi: inaweza kuanguka mbali kabisa na kukufikia mukononi. Ukisikia ngurumo ya kwanza, zimisha, fungua waya kwenye mashine, ondoka. Usikunje waya mbele ya kuondoka. Waya utangoja.

Kama mwenzako amepigwa na umeme: zimisha mashine kwanza, kisha mukimbilie. Kama huwezi kuzimisha, umusukume na muti mukavu, usimuguse. Akiwa hapumui, umulaze chali juu ya udongo mugumu, uweke mikono yako katikati ya kifua, usukume kwa nguvu, sentimetre tano chini, mara 100 mpaka 120 kwa dakika. Mara 30, kisha pumzi mbili kinywani, tena 30. Usichoke, mubadilishane. Hata akiamuka na kucheka, apelekwe hopitali siku ileile, kwa maana moyo unaweza kusumbuka masaa baadaye.

SHIMO

Kisha mistari yote, jibu la kweli linapatikana kwa kuchimba. Wakati mwingine ni sondaje na mashine yake, ambayo inaomba ukurasa mwingine. Mara nyingi kwanza ni shimo la mukono, upana wa mabega, mutu mumoja ndani, mubili juu na kamba.

Udongo mwekundu wa kwetu unadanganya. Katika kiangazi unasimama kama ukuta wa matofali, unachimba metre nane, kumi, bila muti wa kuzuia. Mvua ya kwanza inapoingia katika nyufa, unashuka wote mara moja. Metre kubiki moja ya udongo ina uzito wa kupita tani moja na nusu. Mutu aliyefunikwa mpaka kifuani tu hawezi kuvuta pumzi, hata kama kichwa kiko inje. Kwa hiyo udongo uliotolewa uwekwe mbali na ukingo, metre moja kwa uchache. Ukiona ufa, toka. Ukuta wa shimo uzuiliwe na miti ao mbao mbele ya kuzidi kimo cha mutu. Na kisha mvua, mutu asishuke mpaka shefu ameangalia. Shinkolobwe ilikuwa imekatazwa na serikali tangu mwezi wa kwanza wa mwaka 2004. Mwezi wa saba wa mwaka uleule, shimo lilianguka na watu walikufa chini yake.

Lakini udongo unaonya. Hewa haionyi. Hewa nzuri ina sehemu karibu 21 za oksijeni katika 100. Chini ya shimo, zaidi asubuhi kama halikufunguliwa usiku wote, oksijeni inaweza kushuka na hewa nzito kukaa mahali pake. Ikishuka chini ya 10, mutu anaanguka bila kusikia kizunguzungu, bila kuita. Na sasa sikiliza: anayefuata kufa ni yule anayeshuka kumusaidia. Anaona mwenzake amelala chini, anaruka kwa upendo, analala pembeni yake. Nyuma yake wa tatu. Kwa hiyo mutu asishuke bila kamba iliyofungwa kifuani na mabegani, na kichwa cha kamba kikiwa juu, mukononi mwa watu wawili. Akinyamaza, wanavuta. Hakuna mutu anayeshuka.

Wazee walishusha mushumaa. Ukizimika, hewa ni mbaya, hiyo ni kweli. Lakini mushumaa hauonyeshi moshi wa mashine, ule unaoua bila harufu, na pahali pengine gesi inaweza kuwaka. Leo kuko kipimo kidogo cha gesi, kinalia chenyewe. Kishushwe kwa kamba mbele ya mutu, kila asubuhi na kila baada ya chakula. Pompe ya maji yenye moteri ya mafuta isishushwe shimoni hata dakika moja. Moteri ikae juu, mbali, upande ambao upepo unapeleka moshi inje.

Juu ya alama ya mionzi, ongeza redoni: inakusanyika chini ya shimo kama maji. Pepea hewa na bomba mbele ya kushuka, na zamu ziwe fupi.

Juu ya malaria, nzi wa tsetse na maji ya kunywa, ukurasa huu umekwisha kusema mara nyingi: lala chini ya chandarua, chemsha maji, homa ikikushika usiseme ni uchovu. Nyoka akikuuma, usikate kidonda, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza. Tulia, funga muguu na vijiti kama uliovunjika, usitembee, ubebwe mpaka hopitali.

Siku ya kuvunja kambi, watu wanafikiri mishahara na nyumba. Mawe yako katika sanduku, hesabu ziko katika kitabu, dereva anapiga honi. Mbele ya kupanda lori, shefu wa kundi achukue orodha ya mashimo na atembee juu ya mistari yote na mutu mwingine. Kila shimo lijazwe mpaka juu na kushindiliwa. Kama injeniere ameomba moja libaki wazi, lifunikwe na magogo yaliyofungwa, lizungushiwe miba, na chifu aonyeshwe kwa kidole pahali liko. Vyuma vyote ving’olewe na kuhesabiwa: vikiingia ishirini, vitoke ishirini. Majani yakiota, baada ya mvua mbili hakuna mutu atakayejua tulipita pale, isipokuwa mutoto anayekimbiza mbuzi.